Mlango wa Pembeni wa Nyumba ya Kasisi

Jumatatu, 3 Machi 2025

Bibi Rosemary kagonga ukuta tena. Palepale — mwisho wa korido, karibu na choo. Anatembea kwa kujiamini kabisa, mkono mbele kama anayeshika kitasa, halafu paa! Kisha ananigeukia na kunitazama kana kwamba ukuta nimeujenga mimi.

Cheryl, binti yake, husema ni ugonjwa wa kusahau, mama hajui alipo. Na mimi niliamini hivyo tangu nianze kazi hapa ya kumtunza. Leo nikamuuliza: Bibi, unakwenda wapi? Kwenye stoo ya vyakula, mpenzi, kuchukua maziwa. Stoo ipi! Hapa Gaithersburg, Marekani, tuna friji na makabati. Nikamwambia haya, niongoze. Akaniongoza. Hapa ngazi za nyuma, za watumishi. Hapa unashuka hatua mbili. Angalia kichwa, boriti iko chini. Na akainama kweli, mwanamke wa miaka tisini na mbili, akapita chini ya boriti ambayo haipo.

Kumbe hajapotea. Yuko ndani ya nyumba nyingine — nyumba ya kasisi, kijijini kwao Uingereza. Baba yake ndiye alikuwa kasisi, na yeye kazaliwa humo.

Nimempigia Kaka Tito nyumbani, kijijini kwetu Mamba, Kilimanjaro. Mama ana homa. Homa tu, anasema, kanywa uji. Nikaomba niongee naye. Amelala. Basi.

Jumatano, 5 Machi

Jumatano ya Majivu. Shemasi wa kanisa lao alipita kumpaka Bibi majivu, akanipaka na mimi. Mimi Mlutheri, lakini majivu sikatai. Tukakaa jikoni na mapaji ya nyuso zetu meusi, tukanywa chai ya tangawizi — tangawizi ya Mama, ya kusaga, pakiti ya mwisho.

Bibi leo alikuwa na maneno. Nyumba yao ilikuwa na uso na mgongo. Uso ni matofali mekundu, madirisha marefu ya kusukuma juu, mlango katikati na kila kitu sawasawa kulia na kushoto. Lakini zunguka nyuma! Nyuma ni nyumba ya kale kabisa, nguzo za mbao nyeusi na chokaa, dari za kugusa kwa mkono, sakafu zimelala upande hadi gololi inabingirika yenyewe. Zamani sana kasisi mmoja alioa mwanamke mwenye mali, wakaona aibu, wakaibandika nyumba mpya mbele ya ile kuukuu ili wageni wanaokuja kwa magari ya farasi wasiione. Nimecheka sana. Kwetu Mamba wapo hao hao, veranda ya marumaru mbele, nyuma jiko la moshi.

Halafu akaniambia habari ya dirisha la uongo. Ghorofani, upande wa kushoto, ndani kulipita dohani ya moshi, basi dirisha halikuweza kukaa. Bila dirisha uso ungekuwa chongo. Wakalichora! Fremu nyeupe, vioo vyeusi, juu ya matofali. Alipokuwa mtoto alisimama bustanini akilipungia mkono, akisubiri mtu wa ndani ampungie. Hakuna aliyemwambia kwamba ni rangi.

Sijui kwa nini hilo limenikaa rohoni siku nzima.

Jumamosi, 8 Machi

Cheryl amefika kutoka Sterling. Jumamosi jioni hadi Jumapili ni zamu yake kukaa na mama yake. Kabla sijavaa hata koti, balaa.

Bibi kauliza: Baba kashapata chai yake? Mimi hujibu siku zote: yuko ofisini kwake, anaandika mahubiri. Anatulia, anakula. Leo Cheryl akawahi. Mama, Babu alifariki mwaka sitini na moja.

Yaani kilio! Si cha mtu anayekumbushwa. Kilio kibichi. Mikono ikawa inatafuta kitu juu ya meza, ikakosa.

Nikamfuata Cheryl korido. Nikamwambia, kwetu mtu haambiwi msiba akiwa na kijiko mkononi. Anaandaliwa. Cheryl akasema hawezi kumdanganya mama yake, mama mwenyewe ndiye aliyemfundisha asidanganye. Na yule mzee amekufa zaidi ya miaka sitini! Nikasema: kwake amekufa leo, Cheryl, sasa hivi, mbele ya supu.

Akarudi mezani. Nami nikaondoka nikiwa nimefura. Watu hawa hawana pazia. Kila kitu peupe tu, pwaa!

Jumapili, 9 Machi

Saa zimesogezwa mbele usiku. Jana Mama alikuwa mbele yangu kwa saa nane, leo saba. Nimefurahi kipumbavu, kama vile nimemsogelea.

Ibada Lanham, ya Kiswahili. Baada ya ibada nikapiga simu nikiwa kwenye maegesho. Kaka Tito: wamempeleka Mama hospitali, Moshi. Kuangaliwa tu. Usisumbuke. Nikauliza kuangaliwa nini kwa homa? Daktari ndiye ajuaye. Nikasema nakuja. Akapandisha sauti — uje kufanya nini, uache kazi, Mama anaendelea vizuri, subiri Pasaka uje tukae kwa raha.

Mimi ni kitinda mimba. Baba alipofariki, Kaka ndiye akawa neno la mwisho nyumbani. Nikasema sawa, Kaka.

Violet alinikuta nimeegemea gari. Ni Mkenya, nesi, rafiki yangu wa damu hapa. "Wacha stress, Anitha. Wagonjwa wanaenda Moshi na wanarudi, si ndio?" Ndiyo, nikasema. Lakini macho yake hayakutulia.

Nimekumbuka ya Mwita, mwenzetu wa hapa kanisani, mwaka jana. Baba yake alipofariki huko Tarime, ndugu walimpigia Mzee Zefania kwanza, si yeye. Mzee Zefania ndiye mwenyekiti wetu Watanzania wa hapa, na habari hizo ni kazi yake. Tukapanga. Twende wengi, mchana. Mtu ampigie kujua kama kashakula, maana akishaambiwa hatakula tena. Kundi la ukoo la wasapu likafungwa ili asije akaisoma humo. Tukaingia. Mwita akacheka kutuona — karibuni, leo kuna sherehe gani? Kisha Mzee Zefania akavua kofia. Mwita akaacha kucheka kabla ya neno lolote.

Nilibeba chupa ya chai siku ile. Nilijiona tumefanya jambo jema. Na lilikuwa jema.

Jumanne, 11 Machi

Mlango wa pembeni. Leo Bibi kanieleza mlango wa pembeni, na nadhani ndio moyo wa nyumba yote.

Chumba cha baba yake — ofisi yake, vitabu hadi darini — kilikuwa pembeni mwa nyumba, na kilikuwa na mlango wake wa nje. Mlango mfupi, wa mbao, bila ngazi. Ndani yake ukumbi mdogo na benchi. Watu wa kijiji hawakupita mbele. Mbele ni kwa wageni wa chai na maaskofu. Mwenye ndoa ya kuandikisha, mwenye mtoto wa kubatiza, mwenye maiti nyumbani — pembeni. Na kati ya ofisi na nyumba iliyobaki kulikuwa na mlango mwingine, umevikwa kitambaa kizito cha kijani na misumari ya shaba, ili watoto wasisikie watu wakilia.

Tulisikia vilevile, anasema Bibi.

Watoto wakajua kutofautisha wanaobisha. Wa ndoa hubisha haraka haraka. Wa ubatizo hubisha huku wanaongea. Wa msiba hubisha mara moja, wanangoja muda, ndipo wanarudia, kama watu wasiotaka kufunguliwa. Hapo mama yake alinyanyuka bila kuambiwa, akaweka birika jikoni. Na amri ya nyumba ilikuwa moja: asiachwe nje mwenye msiba, hata baba hayupo, hata ni mtoto wa miaka sita peke yake. Fungua, mkalishe kwenye benchi.

Nikamwambia kwetu ni mlango wa uani. Mgeni wa kawaida anapiga hodi mbele, sebuleni kuna vitambaa vya kufuma juu ya makochi. Siku ya msiba akina mama wote wanaingilia uani, moja kwa moja jikoni, na hakuna anayeuliza. Akanishika mkono. Aliyejenga kwenu alikuwa na akili, akasema. Aliyejenga ni Baba. Mama ndiye aliyebeba mawe ya msingi kutoka mtoni, mimi nikiwa mgongoni.

Hapa nasi tuna mlango wa pembeni, wa jikoni, kwa kuwa nyumba yetu ni ya mwisho kwenye safu. Hakuna anayeutumia ila mimi na taka. Unajifunga wenyewe — mara ngapi nimebaki nje na mfuko mkononi!

Nilimfundisha Bibi tangu zamani: nikiwa mlangoni kwake nasema hodi, naye anaitika karibu. Majina ya wajukuu yamemtoka, karibu haijamtoka.

Ijumaa, 14 Machi

Cheryl katuma picha. Ile nyumba inauzwa! Imo kwenye mtandao wa madalali wa huko. Kanisa liliiuza zamani, kasisi akahamishiwa kijumba kipya, na tangu hapo ni nyumba ya matajiri kutoka London. Nikamwonyesha Bibi kwenye tableti, nikijua atalia au atafurahi.

Wala. Jiko jeupe lote, ukuta mzima wa kioo. "Ya nani hii, ya daktari wa meno?" Ngazi za nyuma hazipo. Sakafu imenyooshwa. Ofisi ya baba yake wamefanya chumba cha sinema, viti vimelala kama vitanda. Picha ya nje, pembeni: mlango umezibwa. Ukitazama sana unaliona umbo lake, matofali mapya katikati ya ya zamani.

Bibi akaweka kidole pale. Akauliza, sasa watu wanapeleka wapi?

Wanapeleka nini, Bibi?

Akatelezesha kidole, picha ikapita. Picha ya mwisho ilikuwa ya mbele, na hapo uso ukamng'aa. Huyo namjua! Dirisha la uongo bado lipo. Wamelipaka rangi upya, linang'aa kuliko ya kweli. Akalipungia mkono.

Jumapili, 16 Machi

Sauti ya Mama! Kaka karekodi, katuma. "Anitha mwanangu, mimi sijambo, fanya kazi." Ndiyo yote. Sauti iko mbali, na kati ya sijambo na fanya kazi kuna pumzi ndefu mno. Nimeisikiliza hadi naijua pumzi yenyewe.

Mama yangu hajawahi kuniambia nifanye kazi. Siku zote huniambia nipumzike.

Mficha maradhi — sitaimalizia.

Jumatatu, 17 Machi

Nimeamua. Nimekata tiketi. Ijumaa, Dulles, Addis, Kilimanjaro. Kutoka uwanjani hadi Moshi si mbali. Jumamosi nitamwona.

Nilimpigia Cheryl kuomba ruhusa. Nikamweleza yote: homa, Moshi, Kaka anasema subiri Pasaka. Akanikatiza. "Usisubiri. Mtu anayekwambia usije ndiye wa kumwogopa. Nenda, Anitha." Atakaa na mama yake mwenyewe, atachukua likizo. Hakuna pole, hakuna Mungu ni mwema. Nenda!

Nikalia kwa shukrani. Juzi nilimwita asiye na pazia. Leo natamani angekuwa dada yangu, angekuwa Moshi, angenipigia na kunisomea cheti cha daktari neno kwa neno. Nina hasira na Kaka Tito, hasira ya kweli, hadi taya zinauma. Na bado najua anachofanya, kwa sababu nami ndicho ningefanya. Kila siku namwambia Bibi baba yake anaandika mahubiri.

Kaka alipoambiwa tiketi imekatwa aliuliza nafika lini. Kisha: haya, njoo. Hakubisha hata kidogo. Nimefurahi hakubisha. Nataka kufurahi.

Jumanne, 18 Machi

Nafunga mizigo. Vitenge viwili, soksi za joto za Mama, miwani ya kusomea Biblia, dawa ya kuchua magoti. Bibi kaja na fremu yake ya kutembelea, kasimama mlangoni, kasema hodi mwenyewe! Karibu, Bibi. Unasafiri? Nakwenda kumwona Mama. Msalimie, akasema, mwambie nasi tulikuwa na uani.

Kaka: Mama kalala vizuri. Anajua unakuja. Katabasamu.

Mungu wangu, nifikishe.

Jumatano, 19 Machi

Mafundi wamekuja kujenga njia ya kiti cha magurudumu mbele ya nyumba. Kwanza wamezing'oa ngazi zote, wakaondoka. Mlango wa mbele sasa unaning'inia hewani, ukifungua unaangukia matope. Bibi amesimama hapo akicheka, eti uso wa nyumba umeng'oka meno!

Kaka hapokei. Nimepiga asubuhi, nimepiga mchana. Huenda yuko njiani, huenda chaji imeisha. Wodini huwa wanakataza simu.

Kundi la ukoo limefungwa. Wasimamizi tu ndio wanaoweza kuandika. Labda Mjomba kachoka na picha za maua za kila asubuhi. Alishatishia.

Violet kapiga. Hajambo, Bibi hajambo, hali ya hewa haijambo. "Na kesho utakuwa home? Huendi shopping?" Nipo, nafunga mizigo. "Sawa. Na chakula unakula, lakini?" Nakula. "Ule vizuri, Anitha. Hata kesho asubuhi, ule." Nitakula, Violet, mbona umekuwa mama yangu?

Akakata ghafla. Mtandao.

Makande yapo kwenye sufuria, sijayagusa. Sina njaa. Nisipokula hawawezi — hapana. Naandika upuuzi. Ndege ni keshokutwa.

Alhamisi, 20 Machi

Cheryl kaja. Alhamisi! Asubuhi, siku ya kazi, na kavaa nguo za ofisini. Nikauliza kulikoni. Kasema kachukua likizo mapema, siku moja zaidi. Huyu mwanamke hajawahi kusema uongo, haujui unashikwa wapi. Uso mwekundu. Akaniwekea sahani ya mayai na mkate mbele yangu, akaketi mkabala, akauliza taratibu, kama mtu aliyefundishwa swali:

"Umekula, Anitha?"

Cheryl! Cheryl kaniuliza kama nimekula!

Nikasema nitakula juu, nimesahau kitu chumbani. Nikapanda. Bibi nimemwacha jikoni kwenye kiti chake cha dirishani. Nimejifungia. Simu nimeizima mwenyewe. Naandika. Nikiandika hakuna aliyeniambia kitu. Kwenye daftari hili Mama kalala vizuri, anajua nakuja, katabasamu.

Gari la Violet limeingia. Alitakiwa kuwa zamu leo, aliniambia Jumapili. Nyuma yake gari la Mwita. Mwita kabeba chupa ya chai. Nyuma yake gari jeupe, silitazami, nalijua. Mzee Zefania haendi kwa mtu siku ya kazi bila jambo.

Wamesimama mbele wanaangalia mahali palipokuwa na ngazi. Cheryl katoka jikoni kuwaonyesha njia. Wanazunguka. Nawaona wanapita chini ya dirisha langu, mmoja mmoja, hawaongei. Ningeweza kuwapungia mkono. Hakuna anayetazama juu. Violet kajifunga kitenge juu ya sare ya nesi.

Mlango umejifunga nyuma ya Cheryl, ndiyo kawaida yake. Nasikia anajaribu kitasa. Ufunguo uko ndani ya mkoba wake, juu ya meza. Wote wako nje.

Wamebisha. Mara moja. Wananyamaza.

Hodi, anaita Violet. Sauti yake si yake.

Mizigo yangu iko mlangoni, imefungwa. Soksi zako ziko juu kabisa, Mama, ili nisitafute.

Wamebisha tena. Hodi. Hodi ikipigwa mara tatu pasipo jibu, mgeni huondoka. Ndivyo tulivyofundishwa. Basi nisijibu. Warudi Lanham na chai yao, nami kesho nitapanda ndege.

Chini fremu inaburuzwa. Bibi kanyanyuka peke yake. Najua mkono uko mbele. Nishuke, ataanguka, Cheryl hawezi kumfikia. Nishuke. Miguu haitaki. Anasema na mtu, au na baba yake: huo ni wa ofisini, wana msiba, usiwaache nje.

Hodi ya tatu.

Bibi Rosemary kaitika, kwa sauti kubwa ya mtoto: Karibu!

Na safari hii hakuna ukuta. Nasikia kitasa kinazunguka.